Diski Kuu ya Kompyuta Inapokufa: Namna ya Kuokoa Kumbukumbu Zilizomo

Ni asubuhi ya mwezi wa Aprili, masika yamekolea katika mwambao wa Tanga. Usiku kucha mvua imenyesha na umeme umekatika mara tatu. Mwalimu wa taaluma wa shule moja ya sekondari anafungua ofisi, anabonyeza swichi ya kompyuta, na badala ya kuona picha aliyoizoea anasikia mlio: tik, tik, tik, kisha kimya, kisha tik, tik, tik tena. Ndani ya kompyuta hiyo mna alama za wanafunzi za miaka minne, orodha za wanaotarajia kufanya mtihani wa kidato cha nne, na hesabu za ada. Nakala nyingine haipo.

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini hakuna msomaji atakayeuona mgeni. Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba, mara nyingi, kumbukumbu hizo bado zimo ndani ya diski, na kwamba atakayoyafanya mwalimu katika dakika kumi zifuatazo ndiyo yatakayoamua kama zitapatikana au zitapotea kabisa. Madhumuni ya makala haya ni kueleza diski kuu inavyofanya kazi, sababu za kufa kwake, na hatua za kuokoa yaliyomo. Aidha tutaona kwamba fizikia inayofundishwa darasani ndiyo hiyo hiyo inayotawala jambo hili.

Diski kuu ni kitu gani?

Diski kuu, ambayo mafundi wengi huiita hadi diski, ni chombo cha kutunzia kumbukumbu kwa njia ya sumaku. Ya kwanza ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na visahani 50, kila kimoja chenye kipenyo cha inchi 24, na kwa ukubwa wake wote iliweza kutunza herufi milioni 5 tu. Leo diski inayotosha katika kiganja cha mkono hutunza herufi hizo mara mamia ya maelfu.

Ndani ya kasha lake mna visahani vya aluminiamu au kioo, vilivyopakwa utando mwembamba sana wa madini yenye sifa za sumaku. Utando huo umegawanyika katika sehemu ndogo ndogo mno, na kila sehemu huelekezewa ncha yake ya sumaku upande mmoja au mwingine. Mpangilio wa pande hizo mbili ndio unaosomwa kama tarakimu 0 na 1. Sehemu hizo zimepangwa katika njia za duara, na kila njia imekatwa vipande viitwavyo sekta. Kwa desturi sekta moja hubeba baiti 512, au baiti 4,096 katika diski za siku hizi.

Juu ya kila uso wa kisahani kuna kichwa cha kusoma na kuandika, kilichoshikwa na mkono mwembamba. Visahani vinapozunguka, hewa iliyo karibu nao huburutwa pamoja navyo, nayo hukiinua kichwa kiasi kwamba hakigusi uso wa kisahani. Umbali uliobaki kati yao ni nanometa chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa nanometa 80,000 hivi. Kwa hiyo chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho ni mlima mbele ya kichwa hicho.

Hebu tufanye hesabu. Diski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Kisahani chenye kipenyo cha milimita 95 kina mzingo wa takriban mita 0.298. Tukizidisha kwa 120 tunapata mita 35.8 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 129 kwa saa. Basi fikiri juu ya basi linalokwenda kasi kutoka Segera kuelekea Tanga, likipita juu ya lami bila kuigusa, huku nafasi ya kati haiwezi kupitisha hata moshi. Ndivyo diski ifanyavyo kazi saa zote.

Kwa nini diski hufa?

Maradhi ya diski tunaweza kuyagawa katika mafungu manne.

La kwanza ni la mitambo. Kichwa hugusa kisahani na kukikwaruza, au mota hukwama. Sababu kubwa ni kuanguka au kutikiswa diski inapozunguka. Sababu nyingine ni umeme unaokatika ghafla mara kwa mara. Watengenezaji waliliona jambo hili, wakatumia kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fizikia anaijua: mota inayozungushwa huwa jenereta. Umeme ukikatika, visahani bado vina nishati ya mwendo. Mzunguko wao huzalisha umeme kidogo, na umeme huo hutumika kurudisha vichwa mahali pake pa kupumzikia kabla visahani havijasimama. Hata hivyo marejeo hayo ya dharura hukichosha chombo kuliko kuzima kwa kawaida.

La pili ni la umeme wenyewe. Chini ya diski kuna ubao wa saketi. Umeme unaporudi kwa nguvu kupita kiasi, vifaa vya ubao huo huungua. Hapo diski hukaa kimya, haizunguki kabisa.

La tatu ni la uso wa kisahani. Sekta moja moja hudhoofika, ikawa hazisomeki. Mwanzoni zinakuwa chache, baadaye huongezeka.

La nne ni la orodha. Diski yenyewe ni nzima, lakini orodha inayoonyesha kila faili liko katika sekta zipi imevurugika au imefutwa. Hili ndilo fungu lenye matumaini makubwa kuliko yote.

Katika mwambao wetu kuna maadui wawili wa ziada, nao ni unyevuanga na chumvi. Diski nyingi zina tundu dogo lenye kichujio, ili mgandamizo wa hewa wa ndani na wa nje uwe sawa. Kichujio huzuia vumbi, lakini hakizuii mvuke wa maji. Diski zilizojazwa gesi ya heli, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2013, zimezibwa kabisa na hazina tundu hilo. Chumvi inayoletwa na upepo wa bahari, ambayo huzila bati za nyumba za Raskazone na Pangani, huvila pia viungo vya shaba vya ubao wa saketi. Wakati mwingine ugonjwa wote wa diski ni kutu ya viungo tu.

Kumsikiliza mgonjwa

Daktari humsikiliza mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Fundi naye afanye hivyo.

Diski ikiwa kimya kabisa, shuku ubao wa saketi, waya au chanzo cha umeme. Jaribu kwanza waya mwingine katika kompyuta nyingine.

Ikilia tik, tik kwa vipindi vilivyo sawa, vichwa vinashindwa kusoma alama za kujielekeza, navyo hurudi mwanzo na kujaribu tena. Zima mara moja.

Ikisaga au kukwaruza, kichwa kinagusa kisahani. Zima papo hapo, wala usiwashe tena. Kila mzunguko unakwangua kumbukumbu zikawa unga.

Ikizunguka vizuri bila mlio wa ajabu, lakini kompyuta inakwenda polepole mno au mafaili mengine hayafunguki, shuku sekta zilizodhoofika.

Ikizunguka vizuri na kompyuta ikauliza kama unataka kuifomati upya, shuku orodha. Jibu ni moja tu: hapana.

Hatua za uokoaji

Kanuni kuu ya kazi hii ni fupi: nakili kwanza, tengeneza baadaye. Watu wengi hufanya kinyume. Huendesha programu za kukarabati orodha juu ya diski iliyo mgonjwa, na programu hizo huandika mambo mapya juu ya yale ya zamani. Sekta ikishaandikwa upya, ya zamani hayarudi tena.

Hatua ya kwanza ni kuzima kompyuta na kuandika katika daftari yote yaliyoonekana na kusikika: saa, mlio, maneno yaliyotokea katika kioo.

Hatua ya pili ni kupima thamani. Je, yaliyomo yanaweza kupatikana kwingine, katika karatasi au katika simu ya mtu? Kama hayapatikani na diski inatoa mlio wa tik au wa kusaga, kazi ya shule imeishia hapo. Diski hiyo ifungwe vizuri ipelekwe kwa wataalamu wenye chumba safi. Chumba cha namna hiyo, kwa kipimo cha kimataifa kinachotumika sana, hakiruhusiwi kuwa na zaidi ya chembe 3,520 zenye ukubwa wa nusu maikrometa au zaidi katika mita moja ya ujazo ya hewa. Hewa ya chumba cha kawaida ina mamilioni. Kabla ya kuikabidhi diski kwa mtu yeyote, mkuu wa shule akumbuke kwamba ndani yake mna habari za watoto wa watu; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka azilinde.

Hatua ya tatu ni kunakili, iwapo diski inazunguka bila mlio mbaya. Huhitaji kunakili faili moja moja, bali sekta zote, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na kuziweka katika diski mpya isiyo ndogo kuliko ya zamani. Diski ya zamani isomwe tu, isiandikwe chochote. Ipo programu ya bure iitwayo ddrescue, iliyotungwa kwa kazi hii. Ubora wake ni mpangilio wa kazi: husoma kwanza sehemu zote zilizo nzima, na inapokutana na sehemu mbovu huiruka na kuiandika katika daftari lake. Mwishoni ndipo hurudia sehemu zile mbovu. Umeme ukikatika katikati, daftari hilo huiwezesha kuendelea pale ilipoishia.

Hesabu itatuonyesha hekima ya mpangilio huo. Diski ya terabaiti 1, yaani baiti 1,000,000,000,000, ikisomwa kwa kasi ya baiti 100,000,000 kwa sekunde huchukua sekunde 10,000, ambazo ni kama saa 2 na dakika 47. Sasa tuseme kuna sekta mbovu 20,000, na diski inajaribu kila moja kwa sekunde 5 kabla ya kukata tamaa. Sekta hizo peke yake zitakula sekunde 100,000, yaani zaidi ya saa 27. Diski iliyo mahututi huenda isiishi saa 27. Tukianza na zile mbovu, tunaweza kufiwa na diski kabla ya kusoma zile nzima. Mwenye nyumba inayoungua hutoa kwanza vitu vilivyo karibu na mlango.

Hatua ya nne ni kufanya kazi ya ukarabati juu ya nakala, si juu ya diski ya zamani. Ukikosea, utanakili tena kutoka kwenye nakala ya kwanza.

Hatua ya tano ni kuyaweka mafaili yaliyopatikana katika diski ya tatu, kisha kuyafungua moja moja na kuhakikisha yanasomeka. Jina la faili si ushahidi kwamba lililomo liko salama.

Faili lililofutwa huenda wapi?

Twaa daftari lenye kurasa 100. Ukurasa wa kwanza andika yaliyomo: Hisabati, ukurasa wa 5, Jiografia, ukurasa wa 30. Sasa chana ukurasa huo wa kwanza. Je, Jiografia imepotea? La, bado iko ukurasa wa 30, lakini huna wa kukuelekeza. Kompyuta inapofuta faili katika diski ya sumaku hufanya vivyo hivyo: huliondoa katika orodha na kutangaza kwamba kurasa zake ni wazi kwa kuandikwa. Mpaka zitakapoandikwa, yaliyomo yapo.

Kuyapata, programu kama TestDisk hujaribu kuijenga upya orodha. Ikishindikana, programu ndugu yake iitwayo PhotoRec hupitia kurasa zote ikitafuta alama za mwanzo wa faili. Picha za aina ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti tatu zilezile siku zote, ambazo kwa hesabu za msingi wa kumi na sita ni FF, D8, FF. Njia hii huokoa yaliyomo lakini haiokoi majina.

Tanbihi moja ni muhimu. Katika diski zisizo na visahani, ambazo hutunza kumbukumbu kwa chaji za umeme, kompyuta nyingi za kisasa huiarifu diski mara faili linapofutwa, nayo husafisha sehemu zake mapema. Hapo matumaini ni madogo sana.

Imani potofu

Wako wanaoshauri diski iliyokufa itiwe katika jokofu la barafu. Tuupime ushauri huu kwa hali ya hewa ya Tanga. Hewa yenye nyuzijoto 30 na unyevuanga wa asilimia 80 hutonesha maji juu ya kitu chochote chenye nyuzijoto chini ya 26 hivi. Ndiyo sababu glasi ya maji baridi barazani hutoka jasho. Diski inayotolewa katika jokofu ikiwa chini ya sifuri italowa nje na ndani, na kichwa kinachoelea kwa nanometa chache kitakutana na matone ya maji. Ushauri huo unamalizia kuua kile kilichokuwa mahututi.

Wengine huibamiza diski mezani, au hufungua kasha lake ili kutazama. Tumekwisha kuona chembe ya vumbi inavyofanya. Wengine hubadilisha ubao wa saketi kwa kuutoa katika diski nyingine ya aina ileile. Zamani jambo hili lilifaulu mara kwa mara. Katika diski za miaka ya karibuni ubao hubeba vipimo vya diski yake peke yake, na fundi hana budi kuihamisha pia chipu inayotunza vipimo hivyo.

Diski iliyolowa maji ya mafuriko au ya bahari isiwashwe, wala isianikwe juani. Maji yakikauka, chumvi na tope hugandamana na visahani. Ifungwe katika mfuko usiopitisha hewa ikiwa na unyevu wake, ipelekwe kwa wataalamu.

Diski iliyoanguka kutoka angani

Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Columbia kilivunjika juu ya jimbo la Texas kikirejea duniani, na wanaanga wote saba walifariki. Miezi kadhaa baadaye, katika mabaki yaliyookotwa kwenye sakafu ya ziwa lililokauka, ilionekana diski iliyobeba matokeo ya jaribio juu ya gesi ya zenoni. Kasha lilikuwa limeungua na vumbi limeingia ndani. Wataalamu wa kampuni ya Kroll Ontrack waliviosha visahani, wakavihamishia katika mwili wa diski nyingine, wakapata takriban asilimia 99 ya yaliyomo. Matokeo ya jaribio yalichapishwa mwaka 2008.

Bahati ilisaidia: sehemu zilizoharibika za visahani hazikuwa na kumbukumbu zilizohitajika. Lakini fundisho ni lile lile. Hakuna aliyejaribu kuiwasha diski ile kwanza aone kama inafanya kazi.

Akiba haiozi

Je, tunaweza kuonywa mapema? Diski zina mfumo wa kujichunguza uitwao SMART. Hata hivyo mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya Google, waliochunguza diski zaidi ya 100,000, walitangaza kwamba zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja kati ya dalili nne zilizo kubwa. Onyo likitolewa lifuatwe, lisipotolewa tusilale.

Kinga ya kweli ni nakala. Historia ya mkoa wetu ina mfano mzuri. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapitia Hamburg hadi Pangani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yalienea mashamba ya Tanga, na mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Kama angeagiza miche mitano, huenda historia ya mwambao huu ingekuwa nyingine. Anayetegemea nakala moja ameagiza mche mmoja.

Kwa shule, utaratibu ufuatao unatosha: nakala tatu za kila jambo muhimu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo la shule. Nakala ifanywe kila Ijumaa na mtu aliyetajwa kwa jina la cheo chake. Kila mwisho wa muhula ifunguliwe, ili kuthibitisha kwamba inasomeka. Alama za wanafunzi zipigwe chapa pia na kutiwa sahihi. Karatasi iliyo katika kabati kavu haihitaji umeme. Kompyuta iwekwe mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari, na iwe na betri ya kuiwezesha kuzimwa taratibu.

Turudi kwa mwalimu wetu. Kama alizima kompyuta aliposikia mlio ule, wanafunzi wake bado wana tumaini. Kama aliwasha mara ya pili, ya tatu na ya kumi, akiomba mara hii ikubali, tumaini lilipungua kila alipobonyeza swichi.

Maswali na mazoezi

1. Diski ya kompyuta ndogo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kipenyo cha kisahani chake ni milimita 65. Tafuta kasi ya ukingo wake kwa kilomita kwa saa.

2. Diski hutunza tarakimu za ziada ili kusahihisha makosa madogo. Andika alama 54, 61, 47 na 70, pamoja na jumla yake 232. Mwenzako afute alama moja. Uipate kwa kutoa. Je, akifuta mbili utaweza? Eleza uhusiano wa jibu lako na sekta mbovu.

3. Jaza glasi maji ya barafu na uiweke darasani asubuhi moja ya masika na asubuhi moja ya kiangazi. Pima muda unaopita kabla ya umande kuonekana, kisha eleza tofauti.

4. Kwa nini ni kosa kuendesha programu ya ukarabati juu ya diski ya asili kabla ya kuinakili?

5. Chunguza ofisi ya shule yako: ni kumbukumbu zipi zilizo na nakala moja tu? Andika taarifa fupi na uiwasilishe kwa mwalimu wa taaluma wiki hii.